Besi Inaposubiriwa

Kushuka kwa besi ni kitendo cha makusudi ndani ya wimbo: mdundo mzito huondolewa, au huzuiwa usiingie, na wasikilizaji wakishasubirishwa vya kutosha mdundo huo huachiwa kwa mkupuo mmoja pamoja na ngoma zote. Watayarishaji wa muziki hukiita dropu, na madijei husema biti limeachiwa. Katika kumbi za Maili Moja na Mlandizi upande wa Kibaha, au kwenye sherehe za nyumbani Kisarawe na Maneromango, sekunde hiyo hutambulika hata na mtu aliye nje ya uzio. Kelele za watu hupanda kabla muziki haujarudi.

Hilo la kelele kutangulia lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Besi inayodunda tangu mwanzo wa wimbo huzoeleka; dakika moja ikipita sikio huihesabu kuwa sehemu ya ukuta. Kinachoifanya ishtue ni pengo lililotangulia. Fundi wa dropu kwa hiyo hufanya kazi yake kubwa pale ambapo besi haipo.

Amapiano, mtindo wa Afrika Kusini, huonyesha ufundi huu waziwazi kwa sababu haina haraka. Mwendo wake wa kawaida ni mapigo 110 hadi 115 kwa dakika. Wimbo huweza kuanza na mlio wa kayamba, vinanda laini na sauti ya mwimbaji kwa mafungu 16 ya mapigo manne manne, ambayo kwa mwendo wa mapigo 112 huchukua sekunde 34 hivi. Muda wote huo sehemu ya chini ya muziki huachwa wazi. Kisha dalili huanza kujitokeza: kichujio kilichokuwa kikibana sauti hufunguliwa taratibu, upepo wa kompyuta hupanda, ngoma kali ya sneya hupigwa mara mbili kwa kila pigo, halafu mara nne, halafu nane. Mwishoni kila kitu hukatwa. Kwa pigo moja au mawili, yaani nusu sekunde hadi sekunde moja, hubaki neno moja la mwimbaji au kimya kitupu. Hapo ndipo besi inapoangushwa. Kimya hicho kikirefushwa mno watu hudhani umeme umekatika, jambo ambalo kwa sherehe za huku si dhana ya kubuni. Kikifupishwa mno, hakuna aliyepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kwa nini mwili uitikie namna hiyo? Jibu moja limo katika hali ya sauti nzito yenyewe. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000 hivi, na besi ya dropu hukaa zaidi kati ya hezi 30 na 100. Katika joto la Pwani la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Wimbi la hezi 50 kwa hiyo lina urefu wa mita 7, refu kuliko vyumba vingi vya nyumba za Kibaha, ilhali wimbi la hezi 5,000 lina sentimita 7 tu. Wimbi la mita 7 halizuiliwi na pazia, mlango wala umati wa watu. Linapokuwa na nguvu ya kutosha halisikiki tu masikioni. Hugusa kifua, hutikisa benchi, na kufanya bati la paa litoe mlio wake.

Jibu la pili limo kichwani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki anaoupenda, ubongo hutoa dopamini katika nyakati mbili tofauti na katika sehemu mbili tofauti: moja wakati wa kutazamia kilele, nyingine wakati kilele kinapofika. Kutazamia, basi, kuna raha yake yenyewe. Mwaka 2022 wenzao wa Chuo Kikuu cha McMaster, pia Kanada, walifanya jaribio katika onyesho halisi la muziki wa kielektroniki la kundi la Orphx. Waliweka spika maalumu za sauti za hezi 8 hadi 37, wakawa wanaziwasha na kuzizima bila hadhira kujua. Spika hizo zilipowashwa, watu walicheza kwa asilimia 11.8 zaidi, ingawa hawakuweza kutambua kwamba kuna kilichobadilika.

Mbinu ya kuinyima hadhira besi kisha kuirudisha ilikomaa Jamaika katika miaka ya 1970. Mafundi wa Kingston, King Tubby akiwa maarufu kuliko wote, walichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa, wakashusha sauti ya ngoma na besi kwenye meza ya kuchanganyia muziki, wakaacha mwangwi wa gitaa uelee peke yake, kisha wakairudisha besi ghafla. Mtindo huo uliitwa dabu. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma TR-808, ambayo kiki yake, yaani mlio wa ngoma yake nzito, iliweza kuvuma kwa muda mrefu kama kengele nzito. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa miaka michache tu, lakini mlio wake ulihamia kwenye muziki wa hip hop na haujaondoka hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa Croydon, kusini mwa London, waliunda dabustepu kwa kuifanya besi kuwa mhusika mkuu. Kuanzia 2010 Mmarekani Skrillex aliigeuza dropu kuwa kishindo cha kupasua masikio, na kwa miaka kadhaa kila wimbo wa klabu ulitaka kuwa na kishindo cha aina hiyo. Baadaye Afrika Kusini ilikuja na njia ya upole zaidi: logidramu, mlio mfupi wa besi ulio kati ya ngoma ya gogo na gitaa la besi, unaopatikana ndani ya programu ya FL Studio. Mtayarishaji MDU aka TRP ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeuingiza katika amapiano. Diamond Platnumz alipotoa "Iyo" mwaka 2021 akiwashirikisha Waafrika Kusini, na Jux alipotoa "Enjoy" na Diamond mwaka 2023, masikio ya Watanzania yalikuwa yameshajifunza kuisubiri logidramu.

Hata hivyo, atakayesema kwamba Pwani ilifundishwa kusubiri mdundo na kompyuta atakuwa hajasikiliza vizuri. Kisarawe ni kitovu cha Uzaramo, na Kibaha ni mahali ambapo Wazaramo huchanganyika na Wakwere na wahamiaji wa kila pembe ya nchi. Ngoma za huku zina mgawanyo wa kazi ambao mtayarishaji wa leo angeuelewa bila kufafanuliwa. Chapuo ni ngoma ndogo yenye mlio mkali na wa haraka. Vumi, kama jina linavyosema, ni ngoma ya kuvuma, ndiyo besi. Msondo ni ngoma ndefu ambayo mpigaji husimama nayo. Mwimbaji Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa kuipiga katika unyago. Kadiri ngozi ilivyo pana na ilivyolegea ndivyo mlio unavyozama, na ngozi ikilegea kupita kiasi hupashwa moto ili ikaze. Kwa hiyo hata kabla ya wimbo kuanza pana muda wa kungojea: watu wamekusanyika, moto wa majani unawaka, mpigaji anagonga na kusikiliza, anagonga tena, na hakuna wa kumharakisha.

Wimbo wenyewe nao huingia kwa hatua. Kiongozi huanzisha kwa sauti kavu, waitikiaji hudaka, makofi hushika mwendo, ndipo ngoma zinaingia. Katika mdundiko, ngoma ya Wazaramo ya kumsherehekea mwali anayetoka ndani, wachezaji hutembea barabarani na umati huwafuata. Anayesikia akiwa mbali hupata kwanza mvumo wa chini bila maneno, kwa kuwa hewa hufyonza sauti kali mapema kuliko nzito. Mdundiko humfikia mtu kwa besi yake kabla ya wimbo wake.

Bendi za dansi za Dar es Salaam zilichota mengi katika kisima hiki, hadi majina. Sikinde, jina ambalo Mlimani Park Orchestra iliyoanza mwaka 1978 inajulikana nalo zaidi, ni jina la ngoma ya Kizaramo. Mahasimu wao, waliozaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964, wakawa JUWATA na baadaye OTTU, leo wanaitwa Msondo Ngoma. Nyimbo za bendi hizi zilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya utulivu, ya kusimulia kisa. Ya pili huitwa chemko, kwa sababu hapo muziki unachemka: magitaa yanasukana, matarumbeta yanajibizana, na aliyekuwa amekaa anainuka. Wakongo wanaiita sebene. Chemko si dropu, maana besi ilikuwapo tangu mwanzo, lakini hesabu yake ni ileile: beti ndefu za kisa ndizo zinazoipa sehemu ya pili uzito wake. Wanamuziki wa Kikongo waliokuwa Paris katika miaka ya 1980 walipoanza kuiruka sehemu ya utulivu na kuingia moja kwa moja kwenye sebene, walipata nyimbo za klabu zilizouzika sana, lakini walipoteza mlango ambao msikilizaji alikuwa akiingilia.

Kisha ukaja mchiriku, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hapa mambo yanakuwa ya kuvutia kwa sababu teknolojia ilikuwa duni. Vijana wa Dar es Salaam waliokulia katika ngoma za Kizaramo walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakaviunganisha na vikuza sauti vilivyochoka na vipaza sauti vya mikutano, wakaongeza ngoma za mkono. Vifaa hivyo havikuwa na besi ya maana. Kinanda kilipasua, kilikoroma, kilipiga kelele. Nguvu ya muziki ilibaki mikononi mwa wapiga ngoma, na kishindo kilipatikana kwa kukata na kurudisha, si kwa kuzamisha. Jagwa Music, kundi maarufu kuliko yote ya mtindo huu, lilifanya kazi na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na albamu yake "Bongo Hotheads" ilitoka mwaka 2012 ikiwa na mikoromo yote hiyo mahali pake.

Singeli, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam, ilirithi tabia hiyo ya kukata na kurudisha, na kuizidisha. Mwendo wake ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwanzoni madijei walichukua vipande vya taarabu visivyo na uimbaji, wakavizungusha na kuviongezea kasi ili MC achane juu yake. Rekodi ikiongezewa kasi mara mbili bila kusahihishwa, kila sauti iliyomo hupanda mara mbili pia: besi iliyokuwa hezi 50 inakuwa hezi 100, na uzito unayeyuka. Pana sababu nyingine ya kihesabu. Kwa mapigo 240 kwa dakika, pigo moja huchukua robo sekunde. Kiki ndefu ya aina ya 808 inayovuma kwa sekunde nzima ingefunika mapigo manne, na muziki ungegeuka tope. Amapiano, ambayo pigo lake huchukua zaidi ya nusu sekunde, ina nafasi ya kuiacha besi itembee. Singeli haina.

Hivyo singeli ni kesi inayoweza kumfundisha mtu jambo kuhusu dropu kwa jumla: ni muziki wenye besi nyembamba ambao bado unaangusha umati. Dijei, mara nyingi akiwa na kompyuta ndogo tu, huua sauti yote katikati ya mstari. MC hubaki peke yake, akimalizia maneno kwa kasi ileile bila kitu chini yake, au akiuliza swali ambalo hadhira inajua kulijibu. Kimya kinajazwa na sauti za watu. Kisha biti linarudi zima, kwa kasi ambayo haimpi mtu muda wa kulipokea, na vumbi linapanda. Msaga Sumu, Man Fongo, Dulla Makabila na wengine wa kizazi chao walijenga majina kwa kujua ni mstari upi uachwe mtupu. Studio ya Sisso ya Dar es Salaam ilifanya jambo hilohilo upande wa mashine. Mkusanyiko wake, "Sounds of Sisso", ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, na ndio uliowafanya madijei wa Ulaya waanze kutafuta Tanzania kwenye ramani.

Mahali ambapo haya yote hukutana ni kigodoro, sherehe ya kukesha ambayo jina lake linahusishwa na godoro dogo la mgeni asiyetarajia kurudi kwake usiku huo. Kibaha na Kisarawe zina faida ambayo Manzese na Tandale za Dar es Salaam hazina: uwanja. Nyumba zimeachana, miembe na minazi imesimama katikati, na mkodishaji wa muziki hupata nafasi ya kupanga spika zake. Upangaji huo ni elimu kamili, hata kama wengi wameipata kwa kujaribu. Sabufa zikiwekwa pamoja chini ardhini husaidiana. Zikitawanywa kila kona mawimbi yake hugongana, na mtu aliyesimama mahali fulani hupata besi kubwa wakati wa hatua tatu pembeni hapati kitu. Sabufa iliyoegemezwa ukutani hudunda zaidi kwa sababu ukuta huirudisha nguvu iliyokuwa inapotelea nyuma. Na uwanja wazi una gharama: kila umbali unapoongezeka maradufu, ukali wa sauti hupungua kwa desibeli 6.

Besi pia inakula umeme. Mwaka 1933 Wamarekani Fletcher na Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio ni zito kwa sauti za chini. Katika sauti ya wastani wa mazungumzo ya pole, mlio wa hezi 50 unahitaji takriban desibeli 30 zaidi ili usikike sawa na wa hezi 1,000, na desibeli 30 ni nguvu mara elfu moja. Muziki ukiongezwa, pengo hilo hupungua. Ndiyo sababu wimbo uleule huonekana kuwa na besi zaidi unapofunguliwa kwa sauti ya juu, na ndiyo sababu mkono wa dijei hauachi kuongeza. Wahenga wanasema ngoma ikilia sana hupasuka. Spika haipasuki kila mara: koili yake huungua kimyakimya, na dropu inayofuata hutoka kama mtu anayekohoa ndani ya ndoo.

Gharama nyingine hulipwa na jirani. Ukuta wa tofali huzuia sauti ya mwimbaji na vinanda, lakini mawimbi marefu hupita. Anayejaribu kulala nyumba ya tatu hapati wimbo. Anapata mdundo usio na maneno, na kila unapokatika hukaa macho akingoja urudi. Anashiriki katika dropu bila kupenda. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira, zilizowekwa chini ya usimamizi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na viongozi wa serikali za mitaa wamewahi mara kadhaa kupiga marufuku vigodoro kwa hoja za kelele na maadili. Kwa walio ndani ya uzio, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha juu cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi za burudani. Mtu anayelala juu ya sabufa, kama vijana wanavyopenda kufanya biti likiachiwa, yuko mbali zaidi ya hapo.

Lakini sehemu kubwa ya muziki wa leo husikilizwa kwenye simu, na hapa besi hukutana na kikwazo chake kikubwa. Spika ya simu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa hezi 50. Sauti iliyo chini ya mamia machache ya hezi hufifia au hupotea. Abiria anayesikiliza wimbo stendi ya Kibaha kupitia simu ya mwenzake, kwa hesabu, hapati besi ya dropu hata kidogo. Bado anaitambua. Mlio mzito kwa kawaida una juu yake milio mingine ya mara mbili, mara tatu na mara nne ya hezi zake: wa 50 una 100, 150, 200 na kuendelea. Ubongo ukipewa hiyo ya juu tu, huijaza wenyewe iliyokosekana chini. Watayarishaji wanalijua hili. Huikwaruza besi kwa makusudi ili milio yake ya juu iongezeke, kisha huusikiliza wimbo kwenye simu, kwenye gari na kwenye sabufa kabla ya kuutoa. Logidramu imefanikiwa kwa sababu hiyo pia: mwanzo wake una mgongo wa mti unaosikika hata kwenye kifaa kibovu, na mkia wake mzito ni wa wenye spika.

Ndiyo maana waendesha bajaji wa Maili Moja na wenye maduka ya simu hufunga sabufa chini ya viti na nyuma ya kaunta, kama matatu za Nairobi zilivyozoea kufanya kwa kiwango kikubwa zaidi. Simu imeshamfundisha abiria mahali besi inapotakiwa kuwa. Akipanda bajaji, wimbo ukafika kwenye kile kimya cha nusu sekunde, kiti chenyewe kinammalizia.